Mji wa bandari na reli yake juu ya meza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mji wangu unaitwa Ras Kasa na hauko kwenye ramani yoyote. Uko kwenye meza ya urefu wa mita 2.44 na upana wa sentimita 61, chumbani kwangu Temeke. Nimeuweka kimawazo kati ya Kilwa na Lindi, mwaka 1960 hivi: gati moja la mawe, forodha, ghala la korosho, stesheni ya mabati, na reli inayotoka bara ikaishia karibu kabisa na maji. Kila anayeingia ndani ana swali, na mengi hujirudia. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayotoa.

Kwa nini usijenge Dar es Salaam yenyewe?

Kwa sababu ya meli. Simama Kivukoni uitazame meli ya mizigo ya mita 180 ikipita kwenye mlango wa bandari, kisha igawe kwa 87, ambayo ndiyo skeli yangu, yaani kila kitu mezani ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Unapata mita 2 na sentimita 7. Meli moja tu imeshamaliza meza nzima, na bado hujaweka hata winchi. Mji mdogo wa kubuni unapokea vyombo vidogo. Jahazi la mita 15 ni sentimita 17, mashua ya mita 8 ni sentimita 9, na meli ndogo ya mwambao ya mita 40 haifiki nusu mita. Hao wanakaa mezani bila kubanana.

Sababu ya pili ni kwamba mji wa kweli una wenyewe. Ukijenga Bagamoyo, atakuja mzee aliyezaliwa pale akuambie mwembe ulikuwa upande ule, na atakuwa na haki. Ras Kasa hauna mzee wa kunirekebisha, kwa hiyo inabidi nijirekebishe mwenyewe: kila kitu kiwe na sababu ya kuwa pale kilipo. Ghala lipo kwa sababu korosho zinatoka bara. Reli imepinda kwa sababu inakwepa mikoko. Nikiulizwa "hiki kimefuata nini hapa?" nikakosa jibu, nakiondoa.

Je, kusini kuliwahi kuwa na reli, au umetunga yote?

Ilikuwepo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpango mkubwa wa kulima karanga ulileta reli ya geji (upana kati ya chuma na chuma) ya mita katika Jimbo la Kusini, na baadaye njia ikatoka Mtwara hadi Nachingwea. Karanga hazikufanikiwa, mizigo ikawa haba, na njia ikafungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Nilichotunga ni tawi moja dogo la kwenda baharini, na siku ambayo bado halijafungwa. Ndiyo maana kichwa changu cha treni nimekipaka rangi ya damu ya mzee, kama vichwa vya mvuke vya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika.

Nitumie skeli ipi?

Zinazopatikana kwa urahisi ni mbili. HO ni 1:87: mtu wa mita 1.70 anakuwa na kimo cha karibu sentimita 2, unamwona kama amebeba kikapu au gunia. N ni 1:160: mtu huyo anakuwa milimita 10 na kitu, lakini unapata mandhari pana zaidi kwenye meza ileile. Kama unachopenda ni treni ndefu inayokatiza nchi, chukua N. Kama unapenda watu, milango, kamba na magunia, chukua HO. Bandari ni watu na magunia, kwa hiyo mimi sikusita.

Kuna pia OO ya Waingereza, 1:76, inayotembea juu ya reli ileile ya HO. Usiichanganye na HO kwenye nyumba na watu, macho yatagundua mara moja.

Na upana wa reli? Nimesikia reli yetu si sawa na ya Ulaya.

Ni kweli, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Reli ya kawaida ya HO ina upana wa milimita 16.5 kati ya chuma na chuma. Zidisha kwa 87, unapata milimita 1,435, yaani geji ya SGR yetu mpya. Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ni ya geji ya mita 1. Gawanya kwa 87: milimita 11.5. TAZARA ni milimita 1,067. Gawanya: milimita 12.3. Kwa hiyo reli ya modeli ya milimita 12 inakaa katikati ya hizo mbili, na tofauti yenyewe haizidi nusu milimita. Ukiwa na reli ya milimita 12 unaweza kujenga Reli ya Kati leo na TAZARA kesho bila kubadilisha kitu.

Reli ya milimita 12 iliyopangiwa mataruma ya geji ya mita huitwa HOm. Kampuni ya Peco inaitengeneza, na vichwa vya kampuni ya BEMO vya treni za milimani za Uswisi vinatembea juu yake. Bei yake imesimama, sikufichi. Mimi nilichukua njia ya mkato: nilinunua kichwa kidogo kilichotumika cha skeli ya TT, 1:120, ambacho magurudumu yake yana upana huohuo wa milimita 12, nikavua bodi yake na kujenga juu yake bodi ya HO kwa kadi ngumu. Mota na magurudumu ni ya kiwandani, mengine yote ni mikono yangu.

Kama hilo ni gumu kwa kuanzia, tumia reli ya kawaida ya milimita 16.5 na usione haya. Wajapani wengi wanaendesha modeli za N za treni zao za milimita 1,067 juu ya reli ya milimita 9, ambayo kwa hesabu ni pana kupita kiasi, na wameshaizoea.

Nahitaji nafasi kiasi gani? Nimepanga chumba kimoja.

Pasua karatasi moja ya plaiwudi, ile ya futi 8 kwa 4, katikati kwa urefu. Kipande kimoja kinatosha. Kisha kikate tena viwe vipande viwili vya mita 1.22 kila kimoja, uviunge kwa boliti. Mpangaji anahama. Mimi nimehama mara mbili na Ras Kasa, na mara zote mbili mji ulisafiri salama nyuma ya kirikuu kwa sababu ulikuwa unagawanyika.

Fremu nilichongewa Keko. Fundi aliuliza, "Kaka, meza nyembamba hivi nani atakula hapo?" Nikamwambia ni ya bahari. Alicheka, lakini alipoelewa alinipa ushauri ambao nawapa wengine hadi leo: paka plaiwudi vanishi pande zote, juu, chini na kwenye kingo, kabla hujaweka chochote. Mbao iliyopakwa upande mmoja tu inanywa unyevu kwa upande mwingine na kupinda.

Usilazimishe treni izunguke. Kona ya kawaida ya HO ina nusu kipenyo cha milimita 438, yaani duara lake ni karibu sentimita 88, na meza ya 61 hailibebi. Reli ya bandari haizunguki hata hivyo. Inafika, inapakua, inapakia, inaondoka.

Nianze kujenga na nini, stesheni au reli?

Anza na maji. Nalisema hili kwa kila mtu na wachache wananisikia, kisha wanarudi baada ya miezi 3 wakiwa na reli nzuri na bahari iliyobandikwa pembeni kama zulia.

Swali la kwanza la mji wa pwani ni: maji yamejaa au yamekupwa? Pwani yetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwa 1:87 hiyo ni sentimita 3 na nusu. Kwa hiyo ukuta wa gati hauwezi kuwa na kimo cha kidole kimoja juu ya bahari iliyolala kama bwawa. Wangu una sentimita 5 kutoka kwenye tope hadi juu, na umegawanyika kwa rangi: chini kabisa ni mweusi wa majimaji, juu yake mkanda wa chaza wa kijivu wenye uso wa kukwaruza, kisha kijani cha mwani, na juu ambako maji hayafiki ni chokaa iliyochakaa. Mtu akiuona ukuta ule anajua pale pana bahari hata kabla hajayaona maji.

Mimi nilichagua maji yaliyokupwa, na nakushauri hivyohivyo. Maji yakijaa, kila kitu kimefunikwa na jahazi linaelea tu. Yakikupwa, pwani inafanya kazi. Jahazi limekaa mchangani, limeegemezwa magadi, yaani miti ya kulishikilia, pande mbili lisilale, na mafundi wako chini wanatia kalafati kwenye nafasi za mbao. Ngalawa zimelala ubavu. Mizizi ya mikoko inaonekana. Wachukuzi wanapita kwenye maji ya magotini na magunia mabegani. Nenda Kunduchi au Bagamoyo bahari ikiwa imetoka, kaa saa 2 na daftari, na chora unachokiona. Picha za intaneti zimepigwa na watu wanaopenda maji yaliyojaa.

Ukishajua maji yanaishia wapi, gati litajipangia mahali pake, ghala litafuata gati, na reli itafuata ghala.

Hayo maji yenyewe unayatengenezaje?

Rangi, si kimiminika. Paka ubao kwa rangi ya maji: karibu na mikoko hudhurungi yenye kijani, kwenye mchanga kijani chepesi, na penye kina buluu iliyokoza, ukiziingiza rangi taratibu zikiwa bado mbichi ili kusiwe na mipaka. Zikikauka, tandaza karatasi laini ya chooni, ilowanishe kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, na isukume kwa brashi ifanye viwimbi. Ikikauka paka rangi tena, kisha vanishi inayong'aa, mikono 3 au 4.

Wengine wanamimina resini ya epoksi. Inapendeza, lakini katika hewa ya Dar yenye unyevu uso wake hupata ukungu kirahisi, na ukimimina nene kwa mkupuo mmoja inachemka yenyewe hadi kupasuka. Ukitaka kuitumia, subiri miezi mikavu ya Juni hadi Agosti na mimina tabaka nyembamba.

Minazi yako inaonekana ya kweli. Ulinunua wapi?

Sikununua. Minazi ya plastiki ya dukani ina kimo cha sentimita 8 au 10, na hapo ndipo mji wote unapoharibika. Mnazi mkubwa wa mita 20 kwa 1:87 ni sentimita 23. Lazima upite paa la ghala mara mbili au zaidi. Weka mnazi mfupi kando ya nyumba, na nyumba itageuka kuwa kibanda cha kuchezea.

Shina: sokota nyaya 5 au 6 za shaba kutoka kwenye waya wa umeme wa zamani, zifikie unene wa milimita 3, na chini ziachie zitanuke kidogo. Zungushia gundi na uzi mwembamba wa katani, mzunguko baada ya mzunguko, ili upate zile pete za shina. Pinda kabla gundi haijakauka. Mnazi wa ufukweni huegemea baharini na kisha huinua kichwa, hausimami kama nguzo ya simu. Ikikauka, paka kijivu, na kwa ncha ya kisu chonga vidato vidogo upande mmoja, kwa ajili ya mkwezi. Vidato hivyo ni vya milimita 2 tu, lakini watu wa pwani wanavigundua kabla ya kitu kingine chochote.

Makuti: manyoya ya kuku. Wauza kuku sokoni wananipa bure. Yaoshe kwa sabuni, yaanike, chagua yenye urefu wa sentimita 5 hadi 6, yachovye kwenye rangi ya kijani, na yakikauka yachane kwa mkasi mwembamba kila baada ya milimita 1. Unyoya una mti wa katikati na vijiti vya pembeni kama kuti lenyewe. Bandika 20 kwa kila mnazi: ya juu yasimame, ya kati yalale, na mawili au matatu ya chini uyapake rangi ya kahawia yaning'inie, kwa sababu hakuna mnazi usio na kuti bovu. Madafu ni mbegu za mtama zilizopakwa kijani.

Mnazi mmoja hunichukua jioni mbili. Ras Kasa ina 14.

Ukiwa kwenye minazi ya kweli, okota kilifu, kile kitambaa kikavu kinachoshika makuti kwenye shina. Kikate vipande, kipange kwa safu, na umepata paa la makuti kwa nyumba za HO. Usumba wa nazi nao ukikatwa vipande vidogo ni majani makavu mazuri.

Nyumba za mawe na mabati je?

Maboksi ya biskuti ndiyo kuta. Juu yake paka unga wa jipsamu, ule wa mafundi wa dari, ulioloweshwa uwe mzito kama uji wa mgonjwa, na uupigepige kwa sponji kabla haujaganda. Huo ndio ukuta wa matumbawe na chokaa. Kumbuka kwamba nyumba za mawe za zamani zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazizidi mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Ukiweka chumba kipana sana, nyumba inapoteza asili yake. Weka baraza mbele na mkanda mweusi wa ukungu chini ya mfereji wa paa.

Mabati: chukua foili ya jikoni na uikandamize kwa kidole cha gumba juu ya kitana cha chawa. Mistari yake inakaribia sana ile ya bati kwa 1:87. Kutu ni vumbi la tofali lililochanganywa na chai ya rangi.

Umeme ukikatika?

Treni nyingi za modeli zinatumia volti 12 za mkondo mnyoofu, sawa na betri ya pikipiki. Kidhibiti mwendo changu kinapokea umeme kutoka kwenye betri hiyo kupitia fyuzi, na betri inachajiwa na paneli ndogo ya sola. Fyuzi usiiache: kitu cha chuma kikidondoka kwenye reli, betri ikiwa haina fyuzi itapika nyaya zako. Mfumo wa kidijitali, unaoendesha vichwa vingi kwa wakati mmoja, ni mzuri, lakini bandari yenye kichwa kimoja haiuhitaji. Na kila kipande cha reli kilehemu waya wake wa kukilisha, usitegemee viungio tu.

Hewa ya chumvi haiharibu?

Inaharibu. Nunua reli za aloi ya shaba, nikeli na zinki, si za chuma. Zifute kwa kitambaa chenye spiriti, kamwe usitumie msasa: mikwaruzo inashika uchafu zaidi. Mchanga wa pwani usiumwage mezani kabla ya kuuosha mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi yake itatafuna reli. Kokoto zangu ni mchanga wa mtoni uliochekechwa kwa soksi ndefu ya nailoni, umeshikwa kwa gundi nyeupe, maji na tone la sabuni ya vyombo ili gundi ipenye.

Adui mwingine ni mende. Kilima changu cha kwanza nilikijenga kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano, kama tulivyofundishwa shuleni. Ndani ya wiki 3 walishakifungua kwa nyuma na kula karibu nusu, pamoja na kanzu za karatasi za watu wawili waliokuwa juu yake. Ilinibidi nibomoe upande wote wa magharibi wa mji. Tangu hapo kila kitu ni gundi ya mbao na jipsamu.

Kama treni haizunguki, unaichezaje?

Ninapanga mabehewa. Kuna mpangilio maarufu unaoitwa Inglenook, uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright: njia 3 fupi, moja ya mabehewa 5 na mbili za 3, na mabehewa 8 kwa jumla. Unaandika kila behewa kwenye kipande cha karatasi, unachota 5 bila kutazama, na kazi yako ni kuyaunganisha kwa mfuatano huohuo ukiwa na kichwa kimoja na nafasi finyu. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Kwangu kila behewa lina mzigo: korosho, mkonge, chumvi, boriti, mafuta ya taa, saruji, na mawili ya abiria na mikungu ya ndizi. Mpwa wangu wa miaka 9 huwa ananitangulia.

SGR naweza kuiweka kwenye mji wa bandari?

Unaweza, na reli ya HO ya kawaida inaifaa kabisa, kama nilivyosema. Lakini ni treni ya umeme, inataka nguzo na nyaya juu ya njia nzima, na mabehewa marefu yanataka kona pana. Mwaka wa mji wako pia lazima usogee: abiria wa kwanza wa Dar es Salaam hadi Morogoro walianza kusafiri Juni 2024.

Watu wa sentimita 2 unawapata wapi?

Wanauzwa kwa pakiti, lakini wamevaa makoti ya baridi. Mimi nakata makoti kwa kisu na kuwavisha upya: karatasi laini ya chooni iliyolowekwa gundi inafanya kanga, kanzu na msuli, na kofia ni tone la rangi nyeupe. Kisha wape kazi. Kwenye gati langu kuna wachukuzi 6, karani wa forodha, mama anayeuza uji chini ya mti wa mkungu, na mzee ameketi barazani, mguu mmoja juu, akilitazama jahazi lililo kwenye magadi. Wawekee pini ya waya mguuni na uwachomeke, usiwagandishe kwa gundi. Maji yakipanda kesho, utataka kuwahamisha.